Magonjwa ya mapafu kwa mifugo: mwongozo wa mfugaji, kuanzia hewa ya banda hadi sindano

Masika yakianza, swali linalowafikia maofisa mifugo kuliko mengine yote ni hili: "Daktari, mbuzi wangu wanakohoa, nichome dawa gani?" Swali ni la haki, ila limeanzia mwisho. Kikohozi ni dalili tu. Nyuma yake panaweza kuwa na vumbi la pumba, minyoo, kupe, virusi visivyosikia sindano yoyote, au homa ya mapafu inayotakiwa kutolewa taarifa siku hiyohiyo. Anayechoma sindano kabla ya kujua ni kipi kati ya hivyo anapoteza fedha, na mara nyingi anampoteza mnyama pia.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku katika mazingira yetu ya Afrika Mashariki. Nimeupanga kwa mfuatano ninaouamini: kwanza kinga aliyozaliwa nayo mnyama, kisha mambo yanayoibomoa, kisha chanjo na ukaguzi. Dawa nimeiweka karibu na mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Fahamu jinsi mnyama anavyojilinda mwenyewe

Hewa ikiingia puani hupita kwenye mifupa myembamba iliyojikunja, iliyofunikwa na utando wenye damu nyingi na ute. Hapo hewa hupashwa joto, hulowanishwa, na vumbi kubwa hunaswa. Chembe zinazozidi maikromita 10 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita) nyingi huishia hapo. Zinazopenya hunaswa na ute ulio kwenye koo la hewa na matawi yake. Chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno, havionekani kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja kuelekea juu, usiku na mchana, vikiusukuma ute na uchafu wake hadi kooni. Mnyama anaumeza au anaukohoa. Chembe za chini ya maikromita 5 ndizo zinazoweza kufika ndani kabisa kwenye vifuko vya hewa, na huko zinakutana na seli walinzi zinazomeza vijidudu, pamoja na kingamwili zilizomo kwenye majimaji ya mapafu.

Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa. Mbuzi au ndama mzima kabisa, anayeruka na kucheza, anaweza kuwa na bakteria wa jamii ya pasturela puani mwake. Wanaishi pale bila kumdhuru kwa sababu vinyweleo na seli walinzi vinawazuia kushuka. Kinga hiyo ikilegea kwa siku chache tu, kwa baridi, njaa, safari ndefu, hewa chafu ya banda au virusi, bakteria walewale wanateremka mapafuni na kuzaliana. Ndiyo maana nimonia nyingi za zizini hazikuletwa na mtu yeyote. Zilikuwepo zikingoja nafasi.

Maumbile nayo yanachangia. Mapafu ya ng'ombe ni madogo ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo sehemu ndogo ikiharibika anaumia mapema. Isitoshe, kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, tawi la hewa linalokwenda sehemu ya mbele ya pafu la kulia huchipuka mapema, kabla koo la hewa halijagawanyika mara mbili. Nimonia inayoingia kwa njia ya hewa huanzia mara nyingi sehemu za mbele na za chini za mapafu. Kwa hiyo ukitaka kutega sikio, tega chini, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, wala si juu mgongoni.

Kuku ni habari nyingine. Hana kiwambo kama chetu cha kutenganisha kifua na tumbo, na hakohoi kwa nguvu kama mbuzi. Atapiga chafya, atatikisa kichwa, atakoroma, atafungua mdomo na kunyoosha shingo. Ana mifuko ya hewa iliyotandaa mwilini, ambayo haina mishipa mingi ya damu, na maambukizi yakishakaa humo dawa huyafikia kwa shida. Kwa kuku, kuzuia ni zaidi ya nusu ya kazi yote.

Hatua ya 2: Ipime hewa ya banda kwa pua yako mwenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na haigharimu chochote. Alfajiri, kabla hujafungua mlango wala madirisha, ingia bandani, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa pua ya mnyama, kisha pumua kawaida kwa dakika nzima. Usipime ukiwa umesimama, kwa sababu mbuzi na ndama hawalali kwenye urefu wa kichwa chako. Bandani kwa kuku, chuchumaa zaidi. Macho yakiwasha, au harufu kali ikikukereketa koo, basi wanyama wako wamelala usiku kucha ndani ya amonia.

Amonia hutokana na mkojo na kinyesi vinapooza kwenye unyevu. Huvidhoofisha vile vinyweleo vya kwenye koo la hewa, vikapunguza kasi na hatimaye kusimama, na ute ukaganda mahali pamoja. Mabanda ya kuku yanashauriwa yasizidi sehemu 25 za amonia kwa kila sehemu milioni moja za hewa, na kwa kawaida ukiinusa waziwazi ujue umeshakaribia hapo au umepita. Tahadhari moja: pua ya mtu anayeshinda bandani huzoea. Mwite jirani asiyefuga aje anuse.

Ukikuta hewa nzito, usianze na manukato wala dawa ya kunyunyiza. Ondoa unyevu na fungua njia ya hewa.

Banda la mbuzi lijengwe juu ya kichanja, mita moja au zaidi kutoka ardhini ili uweze kufagia chini yake, sakafu iwe ya fito au mbao zenye nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu. Kinyesi kinapita, kwato hainasi. Ukuta uzibwe kwa chini kufikia usawa wa mgongo wa mnyama aliyesimama, na juu yake pabaki wazi au pawe na wavu. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaziba juu kwa turubai kwa kuogopa baridi na kuacha nyufa chini. Upepo wa chini unampiga mnyama aliyelala, na hewa ya moto na chafu inayopanda inakosa pa kutokea. Mbuzi mkubwa mkavu huvumilia baridi. Baridi pamoja na kulowana, au baridi pamoja na amonia, ndiyo inayomuangusha. Upande unakotokea mvua za upepo weka kizuizi, lakini usiufunge upande wa pili.

Kwa kuku, chukua maranda konzi moja kutoka karibu na chombo cha maji, yabinye, kisha fungua kiganja. Yakisambaratika, yako vizuri. Yakibaki donge, yatoe na uweke makavu siku hiyo. Vumbi likitimka kila ukipita, yamekauka kupita kiasi, nalo vumbi hilo linabeba vijidudu hadi ndani. Usirundike kuku. Kuku watano wa mayai kwa mita moja ya mraba ni idadi inayowapa nafasi ya kutosha katika joto letu.

Na vifaranga, tafadhali, msiwafungie chumba kimoja na jiko la mkaa huku mmeziba kila tundu kwa magunia. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inaua vifaranga na inaua watu. Washa mkaa nje mpaka moshi uishe, uweke kwenye chungu, na acha uwazi juu ya ukuta. Vifaranga wakijikusanya chunguni wana baridi, wakikimbilia pembeni wakiachama wamezidiwa na joto, wakitawanyika chumba kizima joto linatosha.

Pumba na chakula cha unga kwa nguruwe na ndama kilowanishwe kidogo kabla ya kuwapa. Mnyama anayechomeka pua kwenye unga mkavu mara mbili kwa siku anavuta vumbi la kutosha kumpa kikohozi kisicho na ugonjwa wowote nyuma yake.

Hatua ya 3: Dang'a ndani ya saa za mwanzo

Ndama, mwanambuzi na mwanakondoo huzaliwa bila kingamwili za maana kwenye damu. Kondo la nyuma la wanyama hawa haliruhusu kingamwili za mama kupita. Zote ziko kwenye dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano, na utumbo wa mtoto huzipokea kwa muda mfupi tu. Baada ya saa sita uwezo huo umeshaanza kushuka, na baada ya saa 24 mlango umefungwa.

Ndama wa ng'ombe wa maziwa apate lita mbili ndani ya saa sita za kwanza, na jumla ifikie asilimia 10 ya uzito wake siku hiyo ya kwanza. Ndama wa kilo 35, kwa hiyo, lita tatu na nusu. Mwanambuzi wa kilo tatu, mililita 300 kwa kuigawa mara kadhaa. Usitegemee kwamba "ananyonya mwenyewe". Shika titi, kamua uone linatoka, na mtazame akimeza. Mbuzi aliyezaa watatu mara nyingi mmoja anasukumwa nje, na huyo ndiye utakayemsikia akikohoa akiwa na wiki sita.

Dang'a ya ziada ya ng'ombe aliyechanjwa na mwenye afya igandishe kwenye friza. Ukiitumia, iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu. Usiichemshe, maana moto mkali unaziharibu kingamwili.

Hatua ya 4: Usimrundikie mnyama misukosuko siku moja

Kuachisha ziwa, kuhasi, kukata pembe, kuogesha, kuchanja na kusafirisha, kila kimoja peke yake kinapunguza kinga kwa siku kadhaa. Ukivifanya vyote Jumamosi moja kwa sababu kijana wa kukusaidia amepatikana, wiki inayofuata jiandae kwa nimonia. Acha nafasi ya wiki mbili kati ya kimoja na kingine.

Safari ndiyo mbaya kuliko vyote. Wanyama wamebanana kwenye lori, moshi, vumbi, kiu, na wageni kutoka mazizi kumi wanapumuliana. Homa ya usafiri huonekana mara nyingi ndani ya wiki mbili baada ya kushuka. Mnyama mpya, hata awe mzuri namna gani, akae peke yake kwa wiki tatu hadi nne, mahali ambapo pua yake haigusani na pua za wenyeji, na ahudumiwe wa mwisho baada ya wengine wote. Mbuzi aliyepelekwa mnadani akakosa bei na kurudi jioni, huyo naye ni mgeni. Amesimama kutwa nzima kati ya mbuzi wa wilaya nzima. Sioni sababu ya kumpokea zizini kama vile alikwenda malishoni tu.

Hatua ya 5: Mnyweshe dawa bila kumzamisha

Nimonia mojawapo tunaitengeneza wenyewe kwa chupa. Dawa ya minyoo, mafuta ya kupunguza gesi tumboni au dawa ya miti shamba ikiingia koo la hewa badala ya umio, mnyama hufa ndani ya siku chache, na sindano haziokoi wengi.

Simama ubavuni mwake, si mbele. Inua taya mpaka pua iwe usawa wa macho, isizidi hapo. Usivute ulimi, kwa sababu ulimi ukivutwa hawezi kumeza. Pitisha mdomo wa chupa pembeni, pale pasipo na meno, mwaga kidogo, subiri uone koo likimeza, mwaga tena. Akikohoa, achia kichwa papo hapo ainame. Mnyama aliyelala chini, aliyelegea, au aliyetoka kuchomwa dawa ya kumtuliza asinyweshwe kitu chochote kwa mdomo.

Hatua ya 6: Chanja kwa kalenda, usingoje mlipuko

Homa ya mapafu ya ng'ombe husababishwa na mikoplasma, aina ya bakteria wadogo sana. Tanzania ilikaa bila ugonjwa huu tangu miaka ya 1960, ukarudi mwaka 1990 ukitokea kaskazini, na tangu hapo umebaki. Chanjo inayotumika ni ya T1/44, mara moja kwa mwaka. Ni chanjo hai, ina mikoplasma aliyedhoofishwa, kwa hiyo usimchome ng'ombe dawa ya tetrasaiklini wala tailosini siku za kuchanja. Utaiua chanjo uliyoilipia.

Homa ya mapafu ya mbuzi ina chanjo yake tofauti. Kijidudu chake kilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976. Chanjo ya ng'ombe haimkingi mbuzi.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni virusi. Ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, na dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030, kama sotoka ya ng'ombe ilivyotangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Chanjo moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi, na kwa bei yake hakuna chanjo yenye faida kubwa kuliko hii kwa mfugaji wa mbuzi. Kila msimu wa kuzaa, wachanje wadogo waliofikisha miezi minne hadi sita.

Kwa kuku, mdondo, ambao wengine huuita kideri, ndio wa kwanza kuuzuia. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto hutengenezwa Tanzania, Kibaha, kwa jina la TEMEVAC. Tone moja kwenye jicho moja, mkubwa kwa mdogo kipimo kilekile, rudia kila baada ya miezi mitatu. Wafugaji wa kuku wa kienyeji wakipanga tarehe moja kijiji kizima matokeo huwa mazuri zaidi, maana kuku wa jirani asiyechanja hazuiwi na mpaka.

Chanjo nyingi ziwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 toka dukani hadi zizini. Ukishaichanganya chanjo hai, itumie ndani ya saa moja au mbili, uiweke kivulini juu ya barafu, na inayobaki itupwe.

Hatua ya 7: Kagua asubuhi wakiwa wametulia

Nenda zizini kabla jua halijawaka. Simama mbali kidogo na uwatazame tu. Nani hajaamka? Nani amejitenga? Nani hacheui? Tazama ubavu unavyopanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Ng'ombe mkubwa aliyetulia hupumua takribani mara 20 hadi 35 kwa dakika, mbuzi na kondoo mara 15 hadi 30, watoto wao zaidi kidogo. Hesabu za saa nane mchana juani hazikufai kitu.

Kisha wakurupushe watembee haraka hatua hamsini. Mwenye mapafu mabovu atakohoa au atabaki nyuma. Mzee mmoja mfugaji huko Manyara ana kawaida ya kusimama mlangoni mwa boma wakati ng'ombe wanatoka, mkono mmoja juu ya mti wa lango, akisikiliza tu. Anamjua anayekohoa kwa sauti kabla hajamwona.

Kipimajoto ni shilingi chache, na hakuna mfugaji asiyepaswa kuwa nacho. Kipake mafuta, kiingize njia ya haja kubwa kikiwa kimegusa ukuta wa utumbo, kishike dakika mbili. Joto la kawaida la ng'ombe ni karibu nyuzi 38.5, mbuzi na kondoo hufika 39.5 au zaidi kidogo, kuku hupita 41. Ng'ombe mwenye 40 asubuhi ya baridi ni mgonjwa hata kama anakula. Mara nyingi homa hutangulia kikohozi kwa siku moja au mbili, na mgonjwa aliyegunduliwa katika siku hizo ndiye anayepona kwa urahisi.

Hatua ya 8: Tofautisha kabla ya kuchoma

Kikohozi bila homa, mnyama mdogo aliyekonda, anayelisha kwenye bonde lenye majani mabichi: fikiria minyoo ya mapafu. Inatibiwa kwa dawa za minyoo kama levamisoli, albendazoli au ivamektini, wala si kwa antibayotiki. Albendazoli isitumike kwa majike yaliyo katika mwezi mmoja na nusu wa kwanza wa mimba.

Kondoo au mbuzi anayepiga chafya mfululizo, anasugua pua chini na makamasi yanatoka, wakati mwingine yenye damu, ila ana hamu ya kula: huenda ni funza wa puani, anayetokana na nzi anayedondosha funza wachanga puani. Ivamektini humtoa.

Ng'ombe au ndama anayehema, homa kali nyuzi 40 hadi 41, povu jeupe puani: kabla hujasema nimonia, papasa chini ya masikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi zimevimba, na kupe wapo masikioni, hiyo ni ndigana kali. Hapa ndipo ndama wengi wanapopotea. Mapafu yamejaa maji kwa sababu ya vimelea vya kupe, na tetrasaiklini pekee haimponyi aliyekwisha kuugua. Anahitaji dawa ya buparvakwoni, mililita 1 kwa kilo 20 za uzito, mapema, kabla povu halijaanza. Ipo pia chanjo ya ndigana inayotolewa mara moja tu katika maisha, na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa miaka mingi.

Ng'ombe aliyesimama ametanua viwiko, amenyoosha shingo, anakohoa kikohozi kikavu, anaguna akitoa pumzi na hataki kugeuka: shuku homa ya mapafu ya ng'ombe. Ndama wadogo wanaweza kuvimba magoti tu. Ugonjwa huu huchukua wiki kadhaa hata miezi kujitokeza baada ya maambukizi, na aliyepona anaweza kubaki na donge la ugonjwa lililofungika pafuni. Ndiyo maana kumtibu kienyeji na kumrudisha kundini, au kumuuza, ni kuueneza.

Mbuzi wengi wanaanguka ndani ya siku chache, homa kali, wanakoroma, huku kondoo waliochanganyika nao wako salama: hiyo inaelekea homa ya mapafu ya mbuzi. Wakiugua mbuzi na kondoo pamoja, macho yamegandamana kwa tongotongo, midomo ina vidonda na wanaharisha, hiyo inaelekea sotoka.

Kuku waliovimba uso, jicho limefungika, harufu mbaya puani: mafua makali ya kuku, ya bakteria, yanatibika. Kuku wanaohema, kinyesi cha kijani, shingo kupinda, vifo vya ghafla: mdondo, na hakuna dawa. Mafua ya ndege pia huua ghafla hivyohivyo na huweza kumpata binadamu, kwa hiyo usichinje wala kugawa mizoga.

Hatua ya 9: Tibu kwa kipimo kamili

Mhamishe mgonjwa kwanza. Mpe kivuli, upepo, maji karibu na mdomo, majani laini. Mnyama anayepigania pumzi asiswagwe kilomita mbili kwenda josho, aletewe huduma alipo.

Kwa nimonia ya bakteria, dawa inayopatikana kila duka la mifugo ni oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ya kudumu muda mrefu. Kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 10 za uzito, ndani kabisa ya msuli wa shingo. Ng'ombe wa kilo 300 ni mililita 30, na usizidishe mililita 10 sehemu moja, kwa hiyo choma sehemu tatu. Mbuzi wa kilo 25 ni mililita 2.5. Pima uzito kwa tepu ya kifuani, usikisie. Wanaokisia karibu wote hukisia chini, na nusu kipimo huacha bakteria walio hai na waliozoea dawa. Kama baada ya siku mbili homa haijashuka, mpigie daktari wa mifugo abadilishe dawa. Usiongeze ya aina ileile kwa hasira. Daktari anaweza pia kuongeza dawa ya kushusha uvimbe, nayo humsaidia mnyama kula.

Soma lebo kuhusu siku za kusubiri. Dawa hii hukaa kwenye maziwa kwa takribani wiki moja na kwenye nyama wiki tatu hadi nne au zaidi, kutegemea mtengenezaji. Andika tarehe ya sindano ukutani ili hata asiyekuwepo siku hiyo ajue maziwa ya ng'ombe yupi hayaendi sokoni. Maziwa ya ng'ombe anayekohoa kwa muda mrefu na kukonda yachemshwe yote, bila ubishi, kwa kuwa kifua kikuu cha ng'ombe humwingia mtu kwa njia hiyo.

Hatua ya 10: Toa taarifa, na uwe na majibu tayari

Homa za mapafu za ng'ombe na mbuzi, sotoka, mdondo na mafua ya ndege ni magonjwa ya kutolewa taarifa. Tanzania yanasimamiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na mifugo haitoki eneo moja kwenda jingine bila kibali. Ukishuku, simamisha mwingiliano malishoni na kisimani, usiuze, usihamishe, mpigie ofisa mifugo wa kata.

Akifa mnyama, usikimbilie kumpasua. Aliyekufa ghafla, ametokwa na damu isiyoganda puani au njia ya haja, asiguswe kisu kabisa, huenda ni kimeta. Wengine mwache mtaalamu apasue, kwa sababu pafu moja lililogandamana na mbavu, lenye michirizi kama ya marumaru na maji ya manjano kifuani, linamwambia kwa dakika tano kile ambacho dalili za nje zingemchukua wiki. Sampuli ikae kwenye barafu, siyo kugandishwa, ifike maabara mapema.

Atakapopokea simu atakuuliza haya, basi yaandike kabla hujapiga: wameugua wangapi na wamekufa wangapi, umri wao, jamii zipi na zipi zimesalimika, lini mnyama mgeni aliingia au wa kwako alikwenda mnadani, chanjo ya mwisho ilikuwa tarehe gani, joto la wagonjwa watatu, na dawa uliyokwisha kuchoma, jina na mililita. Usifiche dawa uliyochoma. Inabadilisha majibu ya maabara.